Filingi ya Rangi ya Jino: Mwongozo Kamili wa Kuziba Jino Likae Miaka, Siyo Miezi

Malalamiko ni yale yale kila mara. Nimeziba jino kwa filingi nyeupe, imetoka ndani ya miezi michache. Nimeziba jino ambalo halikuwa linauma, sasa linauma. Nimeziba la mbele, linaonekana kama la kubandika. Halafu mtu anahitimisha kwamba filingi nyeupe ni urembo tu hazina nguvu, wakati kuna watu wanatembea nazo mdomoni zaidi ya miaka 10 na hawakumbuki hata ni jino lipi lilizibwa.

Tofauti iko hapa. Filingi ya rangi ya fedha, ile amalgamu, inakaa kwa kubanwa, yaani daktari anachonga tundu ambalo chini ni pana kuliko juu, anashindilia dawa inagandia humo haiwezi kutoka. Hii ya rangi ya jino inakaa kwa gundi. Gundi ikishika imeshika, na ikiguswa na mate au damu dakika ile inapakwa basi hapo hata filingi ikionekana nzuri namna gani inasubiri siku tu. Kwa hiyo karibu kila hatua hapa chini, hata zile utakazoona hazihusiani, kazi yake ni kuilinda hiyo gundi, na nyingi zinakuhusu wewe unayelala kwenye kiti.

Angalizo: huu siyo mwongozo wa kujiziba jino nyumbani. Kuchonga na kuziba ni kazi ya daktari wa meno. Huu ni wa kujua ujiandae vipi, nini kinafanyika mdomoni mwako, uulize nini na ukitoka uangalie nini.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Vya kwako wewe:

- Mswaki laini na dawa ya meno yenye floraidi. Geuza tyubu usome, unatafuta kati ya ppm 1000 na 1500, hicho ni kipimo cha wingi wa floraidi.
- Uzi wa meno, au vile vijibrashi vidogo vya kupitisha katikati ya meno.
- Karatasi yenye majina ya dawa zote unazotumia, magonjwa uliyonayo, na kitu chochote kinachokuletea mzio. Mjamzito aseme, hata kama mimba bado changa.
- Eksirei za zamani za meno kama unazo, hata picha tu kwenye simu.
- Muda. Panga siku ambayo hauna haraka, filingi moja inaweza kula nusu saa mpaka saa nzima.
- Pua iliyo wazi. Sitanii, utaona hatua ya 6.

Vya kliniki, ambavyo unaweza kuuliza hata kwa simu kabla ya kwenda: mashine ya eksirei, taa ya bluu ya kugandisha, mpira wa kutenga jino au angalau pamba na bomba la kuvuta mate linalofanya kazi, vipimo vya rangi, na karatasi ya rangi ya kupimia meno yanavyokutana. Kliniki ambayo bomba la mate ni bovu siku hiyo, omba siku nyingine.

## Hatua ya 1: Hakikisha jino lako ni la filingi kweli

Hapa ndo watu wengi wanapotelea. Wanataka filingi kwenye jino ambalo lilishavuka hatua ya filingi, au wanachongwa jino ambalo lilikuwa bado halihitaji kuchongwa.

Ukiona doa jeupe lisilong'aa na hakuna tundu, hayo ni madini yameanza kutoka kwenye enameli, lile gamba gumu la nje ya jino. Doa hilo linaweza kusimamishwa kwa floraidi na usafi. Mtu akitaka kukuchonga hapo muulize kwa nini.

Ukiona tundu, au jino linashtuka ukinywa baridi au ukila kitu kitamu na mshtuko unaisha ndani ya sekunde chache, hili ndo jino la filingi. Nenda sasa, usingoje liume.

Jino linalouma lenyewe bila kuguswa, linakuamsha usiku, au likiguswa na kitu cha moto maumivu yanabaki dakika nyingi, hapo kiini cha ndani, penye neva na mishipa ya damu, kimeshaumia na filingi haitalitibu. Litahitaji matibabu ya mzizi au kung'olewa. Ukilazimisha lizibwe juu utatoka pale na jino zuri la kuangalia na usiku hautalala.

Kuna lile lililouma sana wiki nzima halafu likanyamaza ghafla. Watu wanashangilia. Mara nyingi hilo halijapona, kiini kimekufa, na usaha unaweza kuwa unajijenga taratibu kwenye ncha ya mzizi.

Na lililovunjika zaidi ya nusu, au limebaki na kuta nyembamba za pembeni, uliza kuhusu kofia ya jino, ile inayofunika jino lote, badala ya filingi. Gundi inahitaji jino la kushika, na kama jino lenyewe halipo itashika nini?

Onyo: uso ukivimba au chini ya taya pakavimba, ukapata homa, ukashindwa kumeza, kufungua mdomo au kupumua vizuri, hiyo siyo ya kupanga miadi. Ni hospitali saa hiyo hiyo.

Umefanikiwa kama: umepigwa eksirei, na daktari amekuonyesha tundu limefika wapi na kiini kiko wapi. Tundu la katikati ya meno mawili mara nyingi halionekani kwa macho kabisa, kwa hiyo anayeangalia kwa kioo tu sekunde mbili na kusema "ziba hili" hajamaliza kazi.

## Hatua ya 2: Acha kuliwekea jino vitu

Unasubiri miadi, jino linasumbua, unaanza kuweka hiki na kile. Vitatu vinaharibu kuliko vingine.

Mafuta ya karafuu yanatuliza kweli kwa sababu yana eujenoli. Tatizo eujenoli hiyo hiyo inavuruga ugandaji wa resini, aina ya plastiki ambayo ndo msingi wa filingi ya rangi ya jino na gundi yake. Ukiyaweka mara nyingi yanaweza pia kuunguza fizi. Kama umeshaweka usiogope, mwambie daktari tu asafishe vizuri. Mwambie pia kama jino lilizibwa kwa muda hapo nyuma, maana dawa nyingi za kuziba kwa muda zinachanganywa na eujenoli na yeye atataka kujua.

Aspirini juu ya fizi inaunguza nyama, kidonge ni cha kumeza. Na gundi za kubandikia vitu nyumbani, hapana kabisa, zinaunguza, zinafungia bakteria ndani, na daktari atalazimika kuchonga hata sehemu ya jino isiyo na tatizo kuziondoa.

Zile dawa za kuziba kwa muda zinazouzwa famasi zinaweza kukufikisha kwenye miadi, siku kadhaa, siyo miezi. Na usizibe jino ambalo fizi yake imevimba, utafungia usaha usipate pa kutokea.

## Hatua ya 3: Tibu fizi kabla ya jino

Hatua hii hakuna anayeifanya, na ingefanywa filingi nyingi za pembeni zisingekuwa na shida.

Matundu mengi yako karibu na fizi au katikati ya meno. Fizi iliyovimba inatoka damu ikiguswa kidogo tu, na damu ikiingia kwenye tundu wakati wa kupaka gundi, gundi haishiki ukingo ule. Baada ya muda ukingo ule ndo unafunguka, bakteria wanaingia, jino linaoza tena chini ya filingi.

Kwa hiyo wiki moja mbili kabla ya miadi piga mswaki mara 2 kwa siku, dakika 2 kila mara, mswaki ukilala kidogo kuelekea ukingo wa fizi, na uzi kila siku. Siku za mwanzo utaona damu. Usiache, damu hiyo ni ya fizi mgonjwa na inapungua kadri unavyosafisha. Kama una ugaga mwingi omba usafishwe kliniki kwanza, kuziba kuje baadaye.

Umefanikiwa kama: unapitisha uzi pembeni ya lile jino bovu na unatoka mweupe. Kama baada ya wiki mbili bado unatoka na damu, mwambie daktari.

## Hatua ya 4: Maliza maswali kabla ya sindano

Ukishapigwa ganzi mdomo mzito, huwezi kujadili kitu. Maswali yote yaishe kabla.

La kwanza ni aina ya dawa, maana "nyeupe" siyo moja. Kompositi ni resini iliyochanganywa na chembechembe za glasi au silika, ina nguvu, inang'arishwa vizuri, inafaa mbele na hata kwenye magego, ila haitaki unyevu hata kidogo. Glasi ionoma inashikana na jino kwa kemia yenyewe, inavumilia unyevu zaidi na inatoa floraidi, lakini ni dhaifu na haing'ai, kwa hiyo inapendwa kwa meno ya watoto, sehemu za mzizi karibu na fizi, na pale ambapo kukausha ni shida. Kuna na ya katikati, glasi ionoma iliyoongezwa resini.

Usije na msimamo kwamba unataka kompositi tu kwa sababu umesikia ni nzuri. Kompositi kwenye tundu ambalo haliwezi kukauka ni mbaya kuliko glasi ionoma. Uliza hivi: "Hapa patakauka vizuri?" Jibu lake litakuambia mengi.

La pili ni kung'arisha meno. Kama una mpango wa kuyafanya meupe, fanya hiyo kwanza. Filingi haibadiliki rangi kwa dawa ya kung'arisha, utabaki na meno meupe na filingi ya rangi ya zamani. Ukimaliza kung'arisha subiri kama wiki 2 ndo uzibe, kwa sababu oksijeni inayobaki ndani ya jino inapunguza nguvu ya gundi.

La tatu, ile karatasi yako ya dawa na mzio, itoe sasa.

## Hatua ya 5: Rangi ichaguliwe jino likiwa na maji yake

Kwa magego unaweza kuruka. Kwa meno ya mbele usikubali irukwe.

Jino likikauka linakuwa jeupe zaidi ya kawaida yake, na linakauka ndani ya dakika chache tu mdomo ukiwa wazi. Daktari akichagua rangi baada ya kuchonga na kukausha, atakuchagulia nyeupe mno, na jino likirudisha unyevu wake filingi inabaki inapiga kelele peke yake. Kwa hiyo rangi ni jambo la kwanza kabisa, kabla ya ganzi, kabla ya mpira.

Futa lipstiki. Omba usogee kwenye mwanga wa dirisha kama inawezekana, taa ya kiti inadanganya. Daktari atashika vile vipimo vyenye herufi A mpaka D, A ni za kuelekea hudhurungi nyekundu, B za njano, C za kijivu, D za kijivu chenye wekundu, na namba ikipanda rangi inakolea. Viangalieni pamoja mkubaliane, shika kioo, siyo yeye peke yake anaamua.

Kuna kajaribio kadogo nakapenda sana: anachukua punje ya kompositi, anaibandika juu ya jino bila gundi, anaigandisha kwa taa, mnaangalia. Kikiwa sawa huwezi kukiona kimeanzia wapi. Kisha anakibandua kwa ncha ya chombo kinatoka mara moja. Kanachukua dakika moja na kanaokoa ugomvi wote wa baadaye, omba.

Onyo: usihukumu rangi siku hiyo hiyo ukitoka. Jino lote litakuwa limekauka na filingi itaonekana imekolea kuliko jino. Angalia kesho yake.

## Hatua ya 6: Ganzi, kuchonga, na kukausha

Nenda umekula, njaa na sindano haviendani, watu wanazimia kwa sababu hiyo. Kubaliana na daktari ishara, mkono wa kushoto juu maana yake simama. Baada ya ganzi utasikia msukumo, mtetemo na kelele, hivyo ni kawaida. Maumivu makali siyo kawaida, inua mkono uongezewe ganzi, hakuna tuzo ya kuvumilia.

Kwenye kuchonga kuna jambo linalowatia watu wasiwasi. Tundu likiwa limekaribia kiini, daktari anaweza kuacha kwa makusudi kiasi kidogo cha dentini (sehemu ya jino iliyo chini ya enameli) iliyolainika pale chini kabisa, huku pembeni zote akisafisha mpaka pagumu. Siyo uvivu. Kukwangua mpaka mwisho kunaweza kufungua kiini, wakati bakteria wanaobaki wakifungiwa vizuri wanakosa chakula na kuoza kunasimama. Ukingo ukiwa safi na gundi imeshika, hiyo ni kazi nzuri.

Sasa kukausha. Namna bora ni ule mpira mwembamba unaotobolewa na jino kuchungulia juu yake, mate, ulimi na pumzi vyote vinabaki upande wa pili. Wengine wanaona unabana. Unabana kweli, lakini ndo bima yako. Utapumua kwa pua muda wote, ndo maana nilisema pua iwe wazi, ukiwa na mafua makali ahirisha. Kama hakuna mpira, pamba zibadilishwe mara kwa mara na bomba la mate lisitoke mdomoni, kazi nzuri inawezekana hivyo ila inakutegemea wewe zaidi.

## Hatua ya 7: Dakika za gundi

Dakika hizi chache ndo zinaamua.

Daktari anapaka asidi ya fosfori, kawaida ya asilimia 37 hivi, ni jeli yenye rangi, mara nyingi bluu. Inakaa sekunde 15 mpaka 30 kwenye enameli, kwenye dentini haitakiwi kuzidi 15 hivi. Kisha inasuuzwa kwa maji mengi. Enameli ikipulizwa upepo inageuka nyeupe isiyong'aa, hapo juu imejaa vishimo vidogo visivyoonekana kwa macho. Gundi inapakwa, inaingia mle ndani, inapulizwa upepo mwepesi, inagandishwa kwa taa. Ikiganda imeota mizizi ndani ya jino. Aina nyingine za gundi zina asidi yake humo humo kwa hiyo usishtuke ukiona hatua ya jeli haipo.

Sasa fikiria mate yamegusa ile sehemu baada ya asidi. Vile vishimo vimejaa protini za mate, gundi inakaa juu juu. Kwa macho huwezi kuona tofauti. Filingi itang'aa, utalipa, utatabasamu, halafu miezi kadhaa baadaye ukingo unaanza kuwa na mstari wa kahawia au inatoka nzima.

Kazi yako hapa:

- Usifunge mdomo hata nusu. Taya likichoka inua mkono, uliza kama anaweza kukuwekea kizuizi cha mpira upande wa pili wa kung'atia.
- Ulimi ukae mbali. Ulimi ni mdadisi, ukionja uchachu unataka kwenda kuangalia, uzuie.
- Usiongee, usiteme, usiinuke kusuuza.
- Ukihisi maji yanajaa kooni toa ishara ya mkono, usimeze kwa nguvu ukivuta shavu.

Ukiona daktari anasuuza tena na kurudia asidi na gundi upya kwa sababu mate yaligusa, mshukuru kimoyomoyo. Wengine wangepita tu.

Kama tundu liko katikati ya meno mawili, kabla ya gundi atafunga kibati chembamba kuzunguka jino na kuchomeka kabari ndogo. Hapo utahisi kubanwa kwenye fizi. Bila hicho kibati filingi itaacha mwanya na chakula kitajishindilia pale kila mlo.

## Hatua ya 8: Kujaza kwa tabaka

Kompositi ikiganda inasinyaa kama asilimia 2 hadi 3. Kidogo, lakini inatosha kuvuta kuta za jino au kubandua gundi kama imejazwa bonge moja. Ndo maana inawekwa tabaka la milimita 2, taa, tabaka jingine, taa. Mwanga wa bluu nao haupenyi mbali, tabaka nene linaganda juu chini linabaki laini. Zipo kompositi za kisasa zinazoruhusu milimita 4 kwa mara moja, daktari anajua anayotumia.

Wewe tulia kichwa. Taa ikihama milimita chache pembeni au ikikaa mbali na jino, sehemu fulani haigandi sawasawa. Usiitazame taa moja kwa moja, fumba macho au vaa miwani ya rangi ya machungwa ukipewa. Joto kidogo ni kawaida, likiwa kali inua mkono.

## Hatua ya 9: Usiinuke kabla ya kipimo cha kung'ata

Ikiwa utakumbuka hatua moja tu ukiwa pale kwenye kiti, basi iwe hii, maana ndo chanzo kikubwa cha "nimeziba jino sasa linauma".

Daktari anaweka karatasi nyembamba ya rangi katikati ya meno, anakuambia ng'ata, gonga gonga, saga kushoto kulia. Ukifungua, kila mahali meno yalipokutana pana alama. Jino lililo sawa lina vidoa vidogo vilivyotawanyika, na meno ya jirani yana vidoa kama hivyo. Jino lenye filingi ndefu, yaani iliyozidi kimo, lina doa moja kubwa zito, mara nyingine lina duara lenye weupe katikati, na majirani hawana kitu. Hapo panapunguzwa, mnarudia.

Shida ni kwamba una ganzi, hausikii vizuri, unasema "ipo sawa" ili uondoke. Usiharakishe. Omba kiti kiinuliwe ukae wima, kwa sababu ukilala taya linarudi nyuma na meno yanakutana tofauti. Gonga meno taratibu, sikiliza ni lipi linagusa kwanza, lile la upande wa pili linagusa pia au linaelea? Unene wa karatasi tu ukizidi, jino litakusumbua kama kokoto ndani ya kiatu, kila mlo linapigwa lenyewe kwanza.

Halafu omba apitishe uzi. Unatakiwa ukaze kidogo, uingie kwa mlio mdogo, na utoke bila kuchanika. Ukichanika kuna ukingo umebaki umejitokeza. Ukipita bila kukaza popote kuna mwanya. Vyote vinarekebishwa kirahisi sasa hivi kuliko wiki ijayo. Mwisho anang'arisha mpaka ulimi usione mkwaruzo, na ladha ya dawa inapungua kwa sababu kale kautando ka juu kasikoganda vizuri kameondolewa.

Umefanikiwa kama: meno yanakutana pande zote kama zamani, uzi unapita vizuri, ulimi haupati ncha.

## Hatua ya 10: Saa 24 za kwanza

Ganzi inakaa masaa 2 mpaka 4, wakati mwingine zaidi. Usile mpaka iishe, utajing'ata shavu au ulimi na hutajua. Mtoto akae chini ya uangalizi, wanapenda kutafuna mdomo uliokufa ganzi na wanaamka na kidonda.

Kompositi imeshaganda kabisa kwa kazi ya kula, ganzi ikiisha kula. Glasi ionoma inaendelea kukomaa, tafunia upande mwingine mpaka kesho. Siku 2 za mwanzo punguza chai nyeusi, kahawa, sigara na vitu vyenye rangi kali, hasa kwa meno ya mbele. Mswaki piga usiku huo huo kama kawaida, watu wanaogopa kuigusa filingi, iguse tu.

## Hatua ya 11: Wiki 2 za kuangalia maumivu

Kushtuka kwa baridi, mshtuko mfupi unaoisha, ni kawaida siku kadhaa mpaka wiki mbili hivi, na inatakiwa ipungue siku hadi siku. Fizi kuuma kidogo pale palipowekwa kabari ni kawaida pia.

Ukiuma meno pamoja likagonga na kuuma, rudi kesho yake, usingoje "lizoee". Ni filingi ndefu, inapunguzwa dakika tano na wengi wanapona papo hapo. Ukiiacha, nyuzi zinazolishika jino kwenye mfupa zinavimba na unaishia na jino linalouma hata ukigusa kwa kidole.

Maumivu yanayokuja yenyewe, ya usiku, ya moto kukaa muda mrefu, au yanayoongezeka badala ya kupungua, yanamaanisha kiini hakijavumilia. Tundu likiwa lilikuwa refu hii inaweza kutokea hata kazi ikiwa imefanywa vizuri kabisa, na ndo maana daktari mzuri anakuambia kabla. Rudi, usimeze dawa za maumivu mwezi mzima.

## Hatua ya 12: Miaka inayofuata

Filingi yenyewe haiozi. Kinachooza ni jino kwenye ukingo wa filingi, na hiyo ndo sababu kubwa ya kompositi kubadilishwa, pamoja na kuvunjika. Kwa hiyo usafi wa ukingo ndo matunzo yote: mswaki mara 2, floraidi, ukimaliza tema povu usisuuze kwa maji ili floraidi ibaki, uzi kila siku. Na punguza mara unazokula sukari, siyo kiasi tu, maana kila ukionja unawapa bakteria zamu nyingine ya kutengeneza asidi.

Usifungue chupa kwa meno, usitafune barafu wala kalamu. Ukiamka taya limechoka au mwenzio anakuambia unasaga meno usiku, tengenezewa kinga ya kuvaa ukilala, bila hiyo filingi za magego hazifiki mbali. Dawa ya kusukutua yenye kloheksidini ukiandikiwa tumia kwa siku ulizoambiwa tu, inaacha madoa ya kahawia kwenye meno na kwenye filingi.

Mstari wa kahawia ukingoni siyo lazima iwe kuoza, mara nyingi ni doa la juu linaloondoka kwa kung'arishwa. Usikubali filingi nzima ing'olewe kwa mstari peke yake, omba ikaguliwe na eksirei ipigwe.

## Ikivunjika au ikitoka

Suuza mdomo kwa maji, tafunia upande mwingine, nenda ndani ya siku chache hata kama haliumi. Kile kipande usihangaike nacho, hakirudishwi.

Kama ni kona tu imemeguka, uliza kama inaweza kuongezewa badala ya kutolewa yote. Kompositi mpya inashika juu ya kompositi ya zamani ikikwanguliwa na kupakwa gundi, na kila filingi nzima inapotolewa tundu linakuwa kubwa kidogo kuliko mwanzo, kwa hiyo kuongezea ni kuokoa jino.

Ikitoka nzima, muulize daktari imetokea wapi: gundi imebaki kwenye jino au imeondoka na filingi, kuna kuoza chini yake, alama za kung'ata ziko wapi. Ikitoka mara ya pili pale pale na hakuna kuoza kupya, usizibe mara ya tatu kwa namna ile ile. Hapo ama meno yanakutana vibaya juu yake, ama pale hapakauki na glasi ionoma ingefaa zaidi, ama jino lililobaki ni dogo mno na mnatakiwa kuanza kuongelea kofia.